Swichi ya Mashine ya Mtumbwi: Usiikate, Itengeneze

Ndugu msomaji, kama unaishi Nanyala, katika Wilaya ya Mbozi, pengine utashangaa kuona habari hii. Utasema: "Sisi tuko kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Hapa tunaona malori, mabasi na pikipiki. Mashine ya mtumbwi inatuhusu nini?"

Inatuhusu. Mkoa wetu wa Songwe una ziwa. Wilaya ya Songwe na Wilaya ya Momba zinafika kwenye Ziwa Rukwa. Wavuvi wa Rukwa wanatumia mitumbwi ya makasia, na wengine wanatumia mitumbwi yenye mashine nyuma. Mashine ikiharibika, mwenyewe huitafutia fundi, hata kama fundi huyo yuko mbali na maji. Barabara ya kutoka Kamsamba inapanda hadi Mlowo, na kutoka Mlowo mtu akipanda gari la kwenda Mbeya anapita Nanyala. Kwa hiyo fundi wa pikipiki wa Nanyala anaweza kuletewa mashine ya mtumbwi siku yoyote. Ni vizuri ajue la kufanya.

Leo tutazungumza juu ya kitu kimoja kidogo katika mashine hiyo. Kitu hicho ni swichi ya usalama. Ukubwa wake ni kama kifuniko cha chupa ya soda. Swichi hii ikiharibika, mashine hukataa kuwaka. Hapo watu wengi hukasirika. Hukata waya wake, mashine ikawaka, wakaondoka wakifurahi. Hawajui kwamba wamekata kitu kinacholinda maisha yao.

KAZI YA SWICHI YA USALAMA

Mtu anayeendesha mtumbwi wa mashine hukaa nyuma na kushika mkono wa usukani. Wimbi likipiga, au mtumbwi ukigonga gogo, mtu huyo anaweza kutupwa majini. Je, mashine itazima kwa sababu yeye ameanguka? Hapana. Itaendelea kunguruma.

Zaidi ya hayo, usukani ukiachwa, mara nyingi mashine hujigeuza yenyewe upande mmoja. Mtumbwi huanza kuzunguka. Unaweza kurudi pale pale alipo mtu aliyeanguka, ukamgonga, ukazunguka tena, ukamgonga mara ya pili.

Fikiri kuhusu propela, ambayo wengine huiita rafadha. Injini ikikimbia mizunguko 5,000 kwa dakika, na gia ikapunguza mwendo huo hadi nusu, propela huzunguka mara 2,500 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya mara 40 kwa sekunde moja. Ikiwa propela ina mabawa matatu, basi kila sekunde mabawa hayo yanapita mahali pamoja zaidi ya mara 120. Mwili wa mtu hauwezi kushindana na chuma hicho.

Ndiyo maana watengenezaji waliweka swichi yenye kamba. Upande mmoja wa kamba una klipu ndogo. Klipu hiyo huchomekwa kwenye swichi. Upande wa pili hufungwa kwenye mkono au paja la mwendeshaji, au kwenye jaketi lake la kuokoa maisha. Mwendeshaji akianguka, kamba inavutika, klipu inachomoka, na mashine inazima papo hapo.

Tarehe 5 Mei 2013, huko Padstow, Uingereza, familia ya watu sita ilikuwa ndani ya boti ya mwendo wa kasi. Boti iligeuka ghafla na wote sita wakatupwa majini. Kamba ya usalama ilikuwepo, lakini haikufungwa kwa mwendeshaji. Boti tupu ikaendelea kuzunguka na kuwagonga. Baba na binti yake wa miaka 8 walikufa. Wengine wanne waliumia, wawili kati yao vibaya sana. Boti yao ilikuwa na kila kitu, isipokuwa siku ile kamba haikufungwa mahali pake.

Marekani nayo iliweka sheria iliyoanza tarehe 1 Aprili 2021. Waendeshaji wa boti ndogo za mashine, zenye urefu usiofika futi 26, wanatakiwa kufunga kamba ya namna hii wanapokwenda kwa kasi.

Watu husema ajali haina kinga. Lakini ajali hii ina kinga. Kinga yenyewe ni kamba fupi na swichi inayofanya kazi.

SWICHI ZIKO MBILI

Kabla ya kutengeneza, lazima ujue unatengeneza nini. Mashine nyingi zina swichi mbili za usalama. Usizichanganye.

Ya kwanza ni swichi ya kamba, tuliyoieleza. Mara nyingi ina kitufe chekundu, nayo iko mbele ya mashine au kwenye mkono wa usukani. Kazi yake ni kuzima. Mashine za zamani sana hazikuwa nayo. Zilikuwa na kitufe cha kuzimia tu.

Ya pili ni swichi ya gia. Hii iko katika mashine zinazowashwa kwa ufunguo na betri. Kazi yake ni kuzuia mashine isiwake ikiwa imo katika gia. Mashine ikiwaka ikiwa katika gia, mtumbwi huruka mbele ghafla na watu huanguka. Katika mashine nyingi za kuvuta kwa kamba ya kuwashia, hakuna swichi ya umeme ya gia. Badala yake kuna kifungo cha chuma au waya mgumu unaozuia kamba isivutike mpaka gia iwe huru.

UMEME WA KUZIMA UNAPITA WAPI?

Hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Katika nyumba, swichi ikifungua njia ya umeme, taa huzima. Katika mashine nyingi za zamani za mtumbwi, swichi ya kamba hufanya kinyume. Mashine huzima wakati njia ya umeme inapofungwa na kukamilika.

Tutumie mfano wa shamba. Una mfereji unaopeleka maji kwenye bustani. Kando ya mfereji huo kuna mlango mdogo wa kumwaga maji bondeni. Mlango ukifungwa, maji yote yanafika kwenye bustani. Ukifunguliwa, maji yanakwenda bondeni na bustani inakauka.

Cheche za mashine ni kama maji hayo. Umeme wa cheche hutengenezwa na sumaku inayozunguka, kisha hupita katika kisanduku ambacho mafundi hukiita CDI, kisha katika koili, kisha unafika kwenye plagi. Waya wa swichi ni ule mlango wa bondeni. Klipu ikiwa ndani, mlango umefungwa, na umeme unafika kwenye plagi. Klipu ikichomoka, mlango unafunguka, umeme unamwagika kwenye chuma cha mashine, plagi inakosa cheche, na mashine inazima.

Fundi wa pikipiki ataelewa haraka. Pikipiki nyingi ndogo zenye CDI huzimwa kwa ufunguo kwa njia hiyo hiyo.

Sasa angalia mambo mawili yanayofuata kutokana na mpango huu.

Jambo la kwanza: swichi ikiganda ndani, au waya wake ukichubuka na kugusa chuma, umeme unamwagika wakati wote. Mashine haiwaki. Hapo mwenye mashine anajua kuna hitilafu.

Jambo la pili: waya wa swichi ukikatika, mashine inawaka vizuri kabisa. Mwenye mashine anafikiri yote ni salama. Lakini siku atakapoanguka, mashine haitazima. Ubovu huu ni mbaya zaidi kwa sababu haupigi kelele. Kukata waya wa swichi ni kuutengeneza ubovu huu kwa mkono wako mwenyewe.

DALILI ZA UBOVU

Dalili ni hizi:

1. Unavuta kamba ya kuwashia mara nyingi, mafuta yapo, lakini plagi haina cheche. Huenda swichi imeganda au waya unagusa chuma.

2. Mashine inawaka, kisha inakatika katika mawimbi au unapogeuza usukani. Huenda waya umechubuka, ukitikisika unagusa chuma.

3. Unachomoa klipu, mashine haizimi. Waya umekatika, au kiungio kimeliwa na kutu, au swichi imekufa. Usiingie nayo ziwani.

4. Mashine ya betri: unageuza ufunguo, kimya. Ukitikisa mkono wa gia, inashtuka na kuwaka. Huenda swichi ya gia imesogea mahali pake.

5. Mashine ya betri inawaka ikiwa katika gia. Swichi ya gia imeganda, au mtu ameunganisha waya zake moja kwa moja.

Rukwa si kama maziwa mengine. Ni ziwa lisilo na mto wa kutoa maji nje. Mito inaingiza maji, jua linayakausha, chumvi na magadi hubaki. Maji hayo yakirukia kwenye swichi na kukauka, huacha unga mweupe. Shaba ya waya nayo hugeuka rangi ya kijani na kuoza. Kwa hiyo swichi za huko zinahitaji kuangaliwa mara kwa mara.

KABLA YA KUANZA KAZI

Fundi mwenye haraka huumiza watu. Fanya haya kwanza:

- Toa mashine kwenye mtumbwi na uifunge imara kwenye gogo au stendi.
- Ondoa mpira wa mafuta na weka tangi mbali. Usivute sigara. Usiwe na moto karibu.
- Weka gia huru, isiwe mbele wala nyuma.
- Toa propela.
- Kama kuna betri, ondoa waya zake mpaka utakapozihitaji.
- Usiwashe mashine ikiwa kavu. Pampu yake ya maji ina bawa la mpira. Bila maji, mpira huo huungua kwa muda mfupi sana. Tayarisha pipa la maji.

Vifaa unavyohitaji si vingi. Uwe na bisibisi, koleo lenye mpini wa mpira, msasa laini, plagi nzima, balbu ndogo ya tochi, betri mbili za tochi na vipande vya waya. Kama una mita ya kupimia umeme, ni bora zaidi. Kama huna, balbu itatosha.

KUPIMA SWICHI YA KAMBA

Hatua ya kwanza: tumia macho. Klipu ipo? Ni ya mashine hiyo, au ni ya mashine nyingine? Watu wakipoteza klipu huchomeka kipande cha ndala, kijiti au waya uliopindwa. Kitu hicho kikisogea kidogo, mashine inazima. Kikibana sana, hakichomoki mtu akianguka. Kama umekuta kitu kama hicho, huenda umekwisha kuona ubovu wenyewe.

Hatua ya pili: fuata waya. Anzia kwenye swichi mpaka ndani ya mashine. Waya huwa ni mbili. Katika mashine nyingi za Yamaha, waya wa kuzima ni mweupe, na mwenzake ni mweusi unaokwenda kwenye chuma. Katika Mercury, Johnson na Evinrude nyingi, waya wa kuzima ni mweusi wenye mstari wa njano. Lakini mashine ya zamani imepita mikono mingi. Usiamini rangi peke yake. Fuata waya mpaka mwisho. Angalia mahali ambapo umebanwa, umechubuka au umekaa karibu na gurudumu la sumaku.

Hatua ya tatu: pima cheche. Toa plagi zote kwenye matundu yake. Zirudishe kwenye vifuniko vyake vya waya. Funga kila plagi kwenye chuma cha mashine kwa kipande cha waya, iwe mbali na tundu. Mvuke wa petroli unaotoka kwenye tundu unaweza kushika moto kwa cheche. Usishike plagi kwa mkono, maana umeme wake ni mkali. Chomeka klipu. Vuta kamba ya kuwashia kwa nguvu. Tazama kama kuna cheche.

Hatua ya nne: kama hakuna cheche, achanisha waya wa kuzima kwenye kiungio chake. Usiukate. Uchomoe tu, na hakikisha ncha yake haigusi chuma. Vuta kamba tena. Cheche zikirudi, ubovu uko kwenye swichi au waya wake. Cheche zisiporudi, swichi si mwenye kosa. Tafuta kwenye plagi, koili, CDI au sumaku. Hapa fundi mwaminifu huokoa fedha za mteja, kwa sababu hamuuzii swichi asiyoihitaji.

Hatua ya tano: pima swichi yenyewe. Waya zake zote mbili ziwe zimeachanishwa na mashine. Usipeleke umeme wa betri kwenye waya wa CDI hata kidogo. CDI itaungua, nayo ni ya gharama kubwa kuliko swichi. Unganisha betri za tochi, balbu na waya mbili za swichi viwe mduara mmoja. Kisha tazama:

- Klipu ikiwa ndani, balbu isiwake.
- Klipu ikitolewa, balbu iwake.
- Klipu ikiwa ndani lakini kitufe kimebonyezwa, balbu iwake.

Balbu ikiwaka wakati klipu iko ndani, swichi imeganda au waya zake zimegusana. Balbu isipowaka wakati klipu imetolewa, swichi imekufa au waya umekatika ndani. Wakati wa kupima, tikisa waya na upinde polepole. Balbu ikipepesa, umeona mahali pa ubovu.

Hatua ya sita: angalia waya mweusi. Swichi inaweza kuwa nzima, lakini kama waya wake mweusi haushiki chuma cha mashine vizuri, umeme hauna pa kumwagikia na mashine haitazima. Fungua skrubu yake, safisha kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha kaza.

KUTENGENEZA

Kama ubovu ni uchafu, safisha, kausha na jaribu tena. Viungio vya kijani visuguliwe kwa msasa laini, kisha vipakwe grisi kidogo kwa nje kuzuia maji. Kama waya umechubuka, badilisha kipande chote kibovu. Unga kwa risasi au kwa kiungio cha kubana, kisha funika kwa mpira wa kuzuia maji. Tepu peke yake haitoshi, kwa sababu maji huingia chini yake na kubaki humo. Acha waya ulegee kidogo ili usukani ukigeuka usivutike.

Kama swichi yenyewe imekufa, inunuliwe nyingine pamoja na klipu yake. Swichi nyingi zimefungwa kiwandani na hazifunguliki. Ukizilazimisha zinavunjika, au zinafanya kazi siku mbili na kukusaliti siku ya tatu.

Vipuri vya mashine za zamani vinazidi kuwa adimu. Ole Evinrude, fundi aliyezaliwa Norway akaishi Marekani, alianza kuuza mashine zake za mtumbwi mwaka 1909. Lakini mwaka 2020 kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine za Evinrude ilitangaza kuacha kuzitengeneza. Mwenye mashine kama hiyo asikate tamaa. Swichi ya kuzima ya mashine nyingine inaweza kufaa, ilimradi inafanya kazi kwa njia ile ile: klipu ndani, balbu imezimika, klipu nje, balbu inawaka. Pima kwanza, ndipo uifunge.

JARIBIO LA MWISHO

Kazi haijaisha mpaka ujaribu. Rudisha plagi na waya zote. Weka mashine kwenye pipa la maji, propela ikiwa bado imetolewa. Maji yapite juu ya tundu la kuvuta maji. Washa na uache iende polepole. Sasa vuta kamba ya usalama. Mashine lazima izime papo hapo. Washa tena, vuta tena. Fanya hivyo mara tatu.

Isipozima, vuta choki yote mpaka mwisho. Mafuta mengi yataingia nayo itazima. Pia chomoa mpira wa mafuta, ingawa mashine itaendelea kidogo mpaka mafuta ya ndani yaishe. Usichomoe kifuniko cha plagi kwa mkono. Kisha rudi ukatafute ubovu upya.

SWICHI YA GIA

Kwa mashine ya betri, kwanza hakikisha betri ina nguvu na fyuzi ni nzima. Kisha tafuta swichi ya gia. Huwa kwenye sanduku la mkono wa gia au karibu na vyuma vya gia ndani ya mashine. Achanisha waya zake mbili na upime kwa balbu ile ile.

Hapa majibu ni kinyume na ya swichi ya kamba. Gia ikiwa huru, balbu iwake. Gia ikiwa mbele au nyuma, balbu isiwake. Mara nyingi swichi yenyewe ni nzima, ila imesogea, kwa hiyo chuma cha gia hakiibonyezi sawasawa. Legeza skrubu, irudishe mahali pake, kaza na upime tena. Kwa mashine ya kuvuta kwa kamba, angalia waya mgumu unaotoka kwenye gia. Ukirefuka, kamba ya kuwashia hukataa kuvutika hata gia ikiwa huru. Urekebishwe, usiondolewe.

MTEJA AKIKUHIMIZA

Tuseme mzee mvuvi amefika kwa fundi kijana na mashine yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mashine imekataa kuwaka. Wenzangu wanasema ni hii swichi. Ikate tu, niwahi gari."

"Nikiikata itawaka, mzee. Lakini ukianguka majini, nani ataizima?"

"Nimevua miaka mingi. Sijaanguka hata siku moja."

"Nashukuru kusikia hivyo. Na yule kijana wako unayemwachia usukani usiku, naye hajaanguka?"

Mzee akanyamaza kidogo. "Yule ndiyo kwanza anajifunza," akasema. "Inachukua muda gani kuitengeneza?"

Ndugu fundi, hilo ndilo swali unalolitaka. Ukilisikia, mwambie ukweli: kupima ni kazi ya saa moja au mbili. Kama kipuri hakipo na lazima asubiri, mwambie asubiri. Siku mbili bila samaki ni hasara, lakini ni hasara inayorudishwa. Kama ameamua kuondoka na mashine mbovu, mrudishie ilivyo. Usikubali mkono wako uwe ndio uliokata waya.

KILA ASUBUHI

Na wewe ndugu mvuvi, au wewe mwenye kumiliki mtumbwi, usimwachie fundi kazi yote. Mambo haya hayahitaji fedha:

1. Funga kamba mwilini kabla ya kuwasha mashine, si baada ya kuondoka ufukweni.

2. Baada ya kuwasha, mtumbwi ukiwa bado umefungwa, vuta klipu mara moja. Izime. Kisha washa uondoke. Isipozima, usiondoke.

3. Kuwa na klipu ya pili, ifungwe mahali ambapo wote mtumbwini wanapajua. Mwendeshaji akianguka, anakwenda na klipu ya kwanza. Wenzake watahitaji ya pili ili wawashe na kumfuata.

4. Wafundishe wenzako wote jinsi ya kuwasha na kuzima. Anayejua mmoja tu ndiye anayeweza kuanguka.

5. Ukimkaribia mtu aliye majini, zima mashine kabisa. Usimfikie propela ikizunguka.

6. Vaa jaketi la kuokoa maisha. Swichi huzima mashine, haimfanyi mtu aelee. Ziwa Rukwa lina mamba na viboko, na upepo ukivuma mawimbi huinuka haraka. Mtu aliyeanguka anahitaji mtumbwi usimame karibu naye.

7. Jioni futa swichi kwa kitambaa chenye maji safi, kisha ikaushe.

Viongozi wa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, wanaweza kusaidia. Wakisimama ufukweni asubuhi na kumtaka kila mwenye mashine avute klipu mara moja mbele yao, kwa siku moja watajua mitumbwi yote ambayo swichi zake zimekatwa. Hakuna haja ya kumwaibisha mtu. Waya uliokatwa unaweza kuungwa tena.

Ndugu msomaji wa Nanyala, huenda hujawahi kuliona Ziwa Rukwa. Lakini mashine ikiletwa mezani kwako, imekuja na maisha ya watu wanne au watano ambao hutawaona. Pima kwanza. Safisha. Unga palipokatika. Vuta klipu mara tatu mbele ya mwenye mashine, naye asikie kwa masikio yake ikizima. Kisha mpe kamba mkononi umwambie aifunge mwilini kabla ya kuwasha.